Kurekebisha Kasha la Kompyuta kwa Ajili ya Hewa na Nyaya: Mazingira ya Mugoma na Vilima vya Ngara

Kurekebisha kasha la kompyuta ni kulikata, kulitoboa, kuliziba na kulipanga upya lile boksi la bati ambalo wengi huliita CPU, ili hewa ipite vizuri ndani yake na nyaya zisikae njiani. Kazi hii ilishamiri Marekani na Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa vijana waliopenda kuziendesha prosesa zao kwa kasi kubwa kuliko ile iliyokusudiwa na kiwanda. Celeron 300A ya Intel, iliyoingia sokoni mwaka 1998 ikiwa ya megahezi 300, ilifikishwa 450 na watu wa kawaida majumbani mwao, na joto lililoongezeka likadai njia ya kutokea.

Katika kata ya Mugoma, wilayani Ngara, mkoa wa Kagera, sababu ni nyingine kabisa. Huku kompyuta ya mezani ni chombo cha kutafutia riziki. Inakaa stesheneri ikichapa barua, ikitoa kopi na kujaza maombi ya mikopo ya wanafunzi. Inakaa ofisi ya shule ikitunza matokeo. Inakaa studio ya picha na kwa yule kijana anayewawekea watu nyimbo kwenye flashi. Mara nyingi ni mtumba uliostaafu katika ofisi za ng'ambo: Dell OptiPlex, HP Compaq, Lenovo ThinkCentre. Waliouunda walikuwa na picha ya chumba chenye kiyoyozi na madirisha yaliyofungwa. Unapowekwa kwenye chumba cha sakafu ya saruji ambacho mlango wake unashinda wazi, na barabara ya udongo mwekundu iko hatua chache, kasha nalo linapaswa kubadilika lifanane na mahali lilipo.

Hewa ya vilimani

Ngara ni nchi ya vilima. Kutoka mabonde ya mito ya Kagera na Ruvubu, yaliyo kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, ardhi inapanda hadi kukaribia mita 1,800. Baridi ya asubuhi huwafanya watu waamini kwamba kompyuta haiwezi kupata joto huku. Kuna ukweli ndani ya imani hiyo: chumba cha Ngara kina nyuzi kadhaa pungufu kuliko chumba cha Dar es Salaam, na kila nyuzi inayopungua chumbani hupungua pia ndani ya kasha.

Hata hivyo hewa hubeba joto kulingana na uzito wake, na hewa ya juu ni nyepesi. Pwani, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo 1.2 hivi. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 uzito huo unashuka hadi karibu kilo moja. Tuchukue kompyuta inayotumia wati 150 ikiwa kazini, na tutake hewa inayotoka isiizidi ile inayoingia kwa zaidi ya nyuzi 10 za Selsiasi. Dar es Salaam itahitaji mita za ujazo 45 hivi za hewa kila saa. Kwenye mita 1,500 itahitaji kama 54. Feni haijui iko wapi: ikizunguka kwa kasi ile ile husukuma ujazo ule ule, kwa hiyo huku juu inaondoa joto pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita. Wahandisi wa vyumba vya seva wanalizingatia jambo hili. Mwongozo wa chama cha ASHRAE cha Marekani, kwa madaraja ya kawaida ya mashine, hupunguza nyuzi moja kwenye kiwango cha juu cha joto la chumba kwa kila mita 300 baada ya kupita mita 900. Kwa mita 1,500 hizo ni nyuzi mbili tu, na hali ya hewa ya Ngara inazilipa na chenji inabaki. Mwinuko, basi, si adui mkubwa. Adui mkubwa ni vumbi.

Vumbi, na kile kifuniko kilichovuliwa

Kuanzia Juni, mvua zikishakatika, udongo mwekundu wa nyanda hizi hugeuka unga. Pikipiki moja ikipita, unga huo huelea na kuingia kila penye upenyo, ukichanganyika na moshi wa kuni na nyuzinyuzi za nguo. Mapezi ya hitisinki, ile aluminiamu iliyolala juu ya prosesa, yameachana kwa milimita moja au mbili tu. Vumbi huanza kunasa ukingoni mwa mapezi chini ya feni, hutanda kama blanketi, na baada ya miezi kadhaa feni inazunguka kwa kelele bila hewa kupita. Mvua za vuli zinaporudi, vumbi lile lile hunyonya unyevu na kuanza kupitisha umeme kidogo kidogo kati ya vipini vya mazabodi. Hapo ndipo hutokea zile hitilafu zisizoeleweka: kompyuta inajizima asubuhi, mchana inawaka yenyewe vizuri.

Dawa iliyozoeleka ni kuvua kifuniko cha pembeni na kuielekezea kompyuta feni ya mezani. Kipimo cha joto kinaweza kushuka siku hiyo hiyo, na ndiyo maana dawa hii inapendwa. Lakini kasha lililofungwa vizuri ni njia ya hewa: hewa baridi huingia mbele, hupita kwenye hadidiski, huzunguka prosesa na ramu, kisha husukumwa nje nyuma. Kifuniko kikivuliwa njia hiyo inavunjika. Feni ya nyuma huvuta hewa ya jirani tu na pembe za ndani hubaki na joto lililotuama, huku feni ya mezani ikirusha vumbi la chumba kizima moja kwa moja juu ya mazabodi. Mijusi, mende na sisimizi hupata nyumba. Fundi makini wa Ngara anapaswa kulenga kinyume chake: kasha lifungwe kabisa, na hewa yote iingie kupitia mlango mmoja mpana wenye chujio. Mambo mengine yote ya makala haya yanatumikia lengo hilo.

Kupima kwanza

Kompyuta nyingi zinazolalamikiwa hazihitaji kukatwa. Kabla ya kugusa bati, pima joto la chumba kwa kipimajoto cha kawaida, weka programu kama Core Temp au HWMonitor, ifanyishe mashine kazi nzito kwa nusu saa, halafu andika joto la prosesa na la hadidiski. Tofauti kati ya joto la chumba na la prosesa ndiyo namba ya kufuatilia, kwa sababu haibabaishwi na siku kuwa ya baridi au ya jua. Prosesa ya Intel Core i5-2400 ya mwaka 2011 imepangiwa wati 95, na Core i5-6500 ya mwaka 2015 wati 65. Zote hujipunguzia kasi zenyewe zinapokaribia kikomo chao cha joto ili zisiungue. Mteja anayesema mashine imekuwa nzito, mara nyingi anaelezea hali hii bila kujua, na wapo wanaouziwa ramu mpya wasiyoihitaji.

Kisha safisha. Toa vumbi kwa brashi laini ya rangi na blowa, ukiwa nje ya chumba, huku umezuia feni kwa kidole isizunguke; feni inayopulizwa kwa nguvu hugeuka dainamo ndogo na kurudisha umeme kwenye mazabodi. Ng'oa hitisinki, futa pesti ya joto iliyokauka kwa spiriti isiyoacha mafuta, paka pesti mpya kiasi cha punje ya mchele na uibane sawasawa pande zote. Pima tena. Ikiwa namba imeridhisha, funga kasha na uende moja kwa moja kwenye suala la chujio. Ikiwa haikuridhisha, tatizo ni njia ya hewa, na sasa kuna sababu ya kukata.

Mahali pa kukata na namna ya kukata

Tazama uso wa mbele wa kompyuta ya ofisi. Kuna plastiki yenye mianya myembamba, na nyuma yake ukuta wa bati lenye vitundu vidogo. Hewa inapita vizuizi viwili kabla haijaingia, na katika makasha mengi ya kazi eneo lililo wazi kweli ni dogo kuliko uso wa feni yenyewe. Hapo ndipo pa kuanzia. Upande wa nyuma, penye feni ya kutolea, kiwanda huacha wavu wa bati lililotobolewa. Kuukata wavu huo na kuweka kinga ya waya mwembamba hupunguza kelele na kuongeza hewa kwa kazi ndogo kabisa.

Vipimo vya feni ni vya dunia nzima, na fundi akivijua hatapoteza bati. Feni ya milimita 80 ina matundu ya skrubu yaliyoachana milimita 71.5, ya 92, milimita 82.5, ya 120, milimita 105, ya 140, milimita 124.5. Kwa feni ya 120 kata duara la kipenyo cha milimita 115 hivi. Penye nafasi, chagua feni kubwa inayozunguka taratibu. Hewa huongezeka sawasawa na kasi ya mzunguko, lakini umeme unaotumika huongezeka kwa kasi hiyo ikizidishwa yenyewe mara tatu. Feni ndogo inayolazimishwa kukimbia hula umeme, hupiga kelele na huchakaa upesi. Feni nzuri ya 120 hutumia wati moja hadi tatu, na hata anayetegemea sola hataona tofauti kwenye betri.

Kabla ya kukata, toa kila kitu ndani ya kasha: mazabodi, pawa saplai, diski, nyaya, hata spika ndogo. Sisitizo hili si la bure. Unga wa chuma unaobaki kwenye kona utasafiri na hewa mpaka uguse vipini viwili vya mazabodi, na kazi nzima itaishia kwenye harufu ya kuungua. Chora duara kwa bikari juu ya gundi ya karatasi iliyobandikwa kwenye bati. Mwenye msumeno wa duara atumie huo. Asiye nao atoboe matundu madogo yanayofuatana kwa drili kuzunguka mchoro, ayaunganishe kwa mkasi wa bati, kisha alainishe ukingo kwa tupa. Bati la makasha haya ni la nusu milimita hadi milimita moja, kwa hiyo karakana ya mchomeleaji yeyote ina zana za kutosha. Kuchomelea, hata hivyo, hakufai: bati hili limepakwa zinki, na zinki ikiungua hutoa moshi wenye madhara kwa mapafu, nalo bati hujikunja. Tumia skrubu au riveti. Ukingo uliokatwa upake rangi ya kuzuia kutu, maana zinki imeshaondoka hapo na mvua za Machi hadi Mei haziuachi. Osha kasha kwa maji, likaushe juani, pitisha sumaku kila kona, ndipo urudishe vifaa.

Chujio linastahili eneo kubwa kuliko feni. Wavu wa mbu wa dirishani huzuia wadudu na nyuzinyuzi lakini unga mwekundu unapita. Soksi ya nailoni ya kike, iliyovutwa kiasi na kubanwa kwenye fremu, hunasa vumbi jembamba zaidi, ila inaibana hewa. Ndiyo sababu fremu iwe na upana wa mara mbili ya feni, ikiwezekana uso mzima wa mbele. Fremu hiyo ishikwe na ule mpira wa mlango wa friji mbovu, ambao ndani yake una utepe wa sumaku. Hunata kwenye bati, huziba mwanya pembeni, na hutoka kwa mkono mmoja mteja anapotaka kulikung'uta. Sumaku yake ni dhaifu, haidhuru diski. Chujio linalohitaji bisibisi ili litoke halitasafishwa na mtu.

Hewa inayoingia kwa feni za mbele izidi kidogo ile inayotolewa nyuma. Ikiwa hivyo, mianya yote midogo ya kasha itatoa hewa nje, na vumbi halitapata mlango usio na chujio. Kujaribu ni rahisi: shika kipande chepesi cha karatasi ya chooni karibu na mwanya wa pembeni. Kikisukumwa nje, mpangilio ni sahihi. Kikivutwa ndani, punguza kasi ya feni ya nyuma au ongeza feni mbele. Matundu ya zamani yasiyo na kazi yazibwe kwa bati au gundi ya aluminiamu. Hapa wengi hukosea wakidhani kila tundu ni faida; tundu lililo karibu na feni ya kutolea huirudishia hewa ya nje papo hapo, na hadidiski kule mbele haipati kitu.

Dell na HP huweka juu ya prosesa ganda la plastiki linaloongoza hewa kutoka feni hadi hitisinki. Mafundi wengi hulitupa kwa sababu linawazuia kufikia ramu. Lirudisheni. Plastiki ile nyepesi ina kazi kubwa kuliko feni ya pili, kwa kuwa inailazimisha hewa yote ipite katikati ya mapezi. Lililopotea linaweza kutengenezwa upya kwa plastiki ngumu na bapa, mradi isiguse hitisinki.

Nyaya

Tuseme ukweli kuhusu nyaya: kuzipanga vizuri hakushushi joto sana. Katika kasha pana tofauti mara nyingi ni nyuzi moja au mbili. Faida yake iko kwingine. Waya uliolegea hugusa feni na kuisimamisha. Fungu la nyaya mbele ya feni ya kuingizia huziba kile ulichokata kwa jasho. Na nyaya zilizosokotana hunasa vumbi na kumzuia fundi anayefuata kusafisha. Katika makasha membamba ya mezani, ambayo ndiyo mengi huku, fungu hilo linaweza kuchukua nusu ya njia ya hewa, na hapo hata joto litaonyesha tofauti.

Makasha ya wachezaji wa gemu huacha nafasi nyuma ya sahani inayobeba mazabodi ili nyaya zipite huko. Kompyuta za ofisi hazina nafasi hiyo, na nguzo zinazoinua mazabodi ni za milimita sita hivi tu. Usijaribu kupitisha fungu la nyaya chini ya mazabodi. Vipini vilivyolehemewa vina ncha, na vitatoboa ngozi ya waya. Njia nzuri hufuata kuta: nyaya za pawa saplai zishuke kando ya ukuta wa mbele, chini ya vizimba vya diski, zile zisizotumika zikunjwe ndani ya kizimba cha sidii ambacho siku hizi hakina kazi. Kizimba hicho hicho, sidii ikiondolewa, ni mahali pazuri pa kuongeza njia ya hewa.

Mashine za kabla ya 2003 hivi zina utepe mpana wa IDE wa nyaya 40 au 80, ambao hukaa kama pazia mbele ya hewa. Ukunje kwa urefu wake, usiukate. Waya wa SATA ni mwembamba na unaruhusiwa hadi mita moja, kwa hiyo unaweza kuzungushwa pembeni. Tatizo lake ni kukunjwa kwa pembe kali, jambo linaloleta makosa ya kusoma diski. Mahali popote waya unapopita kwenye bati lililokatwa, visha ukingo huo kipande cha mpira wa dripu kilichopasuliwa kwa urefu. Vifungio vya plastiki vinashika vizuri, lakini ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli una ubora wake: haukati waya, na hufunguka bila kisu.

Ukaidi wa mitumba

Kompyuta za ofisi zina tabia ambazo mwenye kukata lazima azijue. OptiPlex nyingi hutumia plagi ya feni yenye vipini vitano, tofauti na vile vitatu au vinne vya kawaida, na mpangilio wa nyaya zake si ule ule. HP nyingi hukagua feni zake zinapowaka. Ikikosekana moja, hupiga mlio na kusimama kwenye ujumbe wa hitilafu. Kwa hiyo usiondoe feni ya asili. Feni ya nyongeza ipewe umeme wake kutoka plagi kubwa ya pawa saplai, ambapo waya wa njano ni volti 12, mwekundu volti 5, na mbili nyeusi ni hasi. Tundu la feni la mazabodi kwa kawaida limekusudiwa ampia moja. Kuunganisha feni nyingi hapo ni kuliunguza.

Baadhi ya OptiPlex za katikati ya miaka ya 2000, kama GX620, zilijengwa kwa mfumo wa BTX ambao Intel iliutangaza kisha ikauacha mwaka 2006. Ndani yake prosesa iko mbele, na feni kubwa huipuliza moja kwa moja. Mfumo huu tayari una njia nzuri ya hewa. Kazi pekee inayofaa hapo ni chujio.

Pawa saplai yenyewe isifunguliwe wala kutobolewa. Umeme wa TANESCO wa volti 230 ukigeuzwa ndani yake huacha volti 325 hivi kwenye kapasita, na hizo hubaki kwa muda hata baada ya plagi kuchomolewa. Baada ya kupaka rangi, hakikisha pia kwamba skrubu za pawa saplai zinagusa bati tupu, kwa kuwa kasha zima hupata athi kupitia hapo. Kuipoza kwa hewa safi, bila kuigusa ndani, kunatosha kuirefushia maisha: kanuni inayotumiwa na waundaji ni kwamba kapasita huishi karibu mara mbili zaidi kwa kila nyuzi 10 za joto zinazopunguzwa.

Kasha lililorekebishwa vizuri linaweza kukaa miaka, ila chujio lake haliwezi. Kiangazi likung'utwe kila wiki, masika mara moja kwa mwezi. Kwa mafundi wa Mugoma, Kabanga na Ngara mjini ombi ni moja: mnapomkabidhi mteja kompyuta yake, bandikeni ndani ya kifuniko karatasi yenye tarehe ya pesti mpya, joto la chumba na joto la prosesa mlilolipima siku hiyo, na mwonyesheni kwa mkono wake mwenyewe jinsi chujio linavyotoka na kurudi.